Kifo cha Tatu cha Osmund Mapunda

Osmund Mapunda alikuwa ameshakufa mara mbili nilipoitwa kwenda kumuua.

Wito ulinikuta juu ya ngazi, nikichomelea paa la ghala. Nilishuka bila kuzima mashine. Tangu siku kura ilipopigwa na jina la ukoo wetu likatoka la mwisho, nilikuwa nalala na hasira, naamka na hasira, nakula nayo ugali. Watu waliniambia nitulie, eti zamu ni zamu tu, ya kwanza au ya tatu. Hawakujua. Mtu anayekula wa mwisho hula alichoachiwa.

Osmund aliua watu watatu, kwa hiyo Sheria ya Zamu ilimpa vifo vitatu, familia moja kifo kimoja. Aliwafungia ndani ya chumba cha ubaridi cha kampuni ya parachichi ili aibe betri za mtambo: mzee Luvanda mlinzi, Zaituni dereva wa lori, na Generoza Kikoti, msimamizi wa zamu ya usiku. Generoza alikuwa dada yangu. Mama alipofariki ndiye aliyenifunga mgongoni kwa nguo akaenda nami shambani, naye mwenyewe alikuwa bado hajaota matiti.

Hakukuwa na shaka kwamba ni Osmund. Mahakamani walimwekea kisoma-kumbukumbu nyuma ya sikio, na usiku ule wote ukatoka kichwani mwake ukaonekana ukutani, watu wote tukiutazama. Niliona kwa macho yake mwenyewe mkono wake ukisukuma komeo. Nilisikia kwa masikio yake dada yangu akigonga mlango na kumwita kwa jina. Kisha niliona mkono uleule ukienda kwenye redio iliyokuwa juu ya kreti, ukaongeza sauti.

Jaji akasema na afe kwa baridi. Nilipiga makofi mpaka askari akanishika bega.

*

Nyumba ya Zamu imejengwa juu ya kilima, katikati ya misonobari, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Kwenye ukumbi wa kungojea alikaa mwanamume mrefu, mwembamba, kanzu ikimpwaya kana kwamba aliazima ya mtu mwingine. Aliponiona alisogea kwenye benchi kunipa nafasi.

"Wewe ndiye wa Generoza," akasema.

"Ndimi. Atilio."

"Mimi Hamza. Mume wa Zaituni."

Nilimkumbuka. Wakati wa kesi alikuwa mnene, mwenye sauti ya kujaza chumba. Yeye ndiye aliyepata zamu ya pili.

"Ilikuwaje, kaka Hamza?" nikamuuliza. Nilitaka anipe ladha yake kabla sijaonja.

Akafikiri. "Umeshawahi kuwa na kiu ukanywa maji ya bahari?"

"Sijawahi kuona bahari."

"Basi. Nilibandika kiganja kwenye kioo, nikasema moyoni, haya Zaituni, pokea. Akapoa. Midomo ikawa ya bluu. Nikasema sasa nitapumua. Halafu daktari akamwamsha, maana bado wewe ulikuwa na haki yako. Akafungua macho, akaniona nimemsimamia. Unajua aliniambia nini?"

"Alikuomba msamaha?"

"Aliniambia, 'Shikamoo.'"

Nilimtazama kuona kama anafanya mzaha.

"Na wewe ukasemaje?"

"Ulimi ulijibu wenyewe," akasema Hamza. "Marahaba."

Kisha nikamuuliza anafanya nini pale, maana zamu yake ilikwisha mwaka jana.

"Nimekuja kukuomba," akasema. "Sheria inaruhusu mfiwa asiyetaka zamu kumpa mfiwa mwenzake. Kama mkono wako utagoma, mdogo wangu, niite. Nitakuwa hapahapa."

"Mkono wangu haugomi."

"Sikusema utagoma. Nimesema kama."

"Si umeshamuua wako?"

"Nimemuua," akasema, akitazama viganja vyake. "Haikutosha."

Nilimdharau, nasema kweli. Nilimwona mtu aliyepewa nyama akashindwa kuitafuna. Nikajiapiza kwamba mimi nitatafuna.

*

Daktari Tumsifu alinipokea kwenye chumba kidogo chenye harufu ya spiriti. Ni yeye aliyemuua Osmund mara mbili kwa viganja vya wengine, na ni yeye aliyemwamsha. Alinionyesha mtambo: mirija miwili inayotoa damu na kuipitisha kwenye barafu, pampu inayoirudisha, kioo cha kiganja ambacho bila mkono wa mfiwa aliye hai hakiwaki.

"Leo ni ya mwisho, hatutamwamsha," akasema. "Kitanda kikishamaliza kazi kinashuka chenyewe ardhini, na juu yake panafungwa. Kuna jambo moja unapaswa kulijua kabla."

"Sema."

"Kila akifa, ubongo hukaa muda bila damu ya moto. Tunaurudisha, lakini haurudi wote. Unaotangulia kuondoka ni wa juu, wa miaka ya karibuni. Ni kama kumenya kitunguu. Kifo cha kwanza kilichukua kesi, jela na usiku ule. Cha pili kilichukua ndoa yake na kazi zake zote. Huyu aliyebaki anadhani ana miaka kumi na tisa."

"Huyo ana miaka arobaini na moja. Ilitajwa mahakamani."

"Mwili, ndiyo."

"Anajua alichofanya?"

"Anasomewa mashtaka siku ya zamu tu. Leo bado. Sasa hivi anadhani yuko hospitali, amepona malaria kali."

Nilisimama. "Kwa hiyo wana wa Luvanda, wenye zamu ya kwanza, ndio waliomuua Osmund. Hamza akaua sijui nini. Na mimi, ambaye dada yangu alimwita huyo mbwa kwa jina akitetemeka, mmeniachia makombo."

"Nilishaiandikia Wizara," akasema taratibu. "Mara nne. Walijibu kwamba sheria inahesabu vifo, haihesabu kumbukumbu."

"Nataka ajue. Nataka afe akijua."

Daktari alifungua droo, akatoa sindano fupi yenye kichupa cha kioo kilichojaa kitu kama maziwa. "Ule usiku ulionakiliwa mahakamani upo humu. Sheria inakupa haki ya kumrudishia. Nikimchoma nyuma ya sikio, ndani ya dakika chache atakumbuka kana kwamba alifanya jana. Mlango, redio, sauti ya dada yako, vyote."

"Mchome."

"Nitamchoma ukiniambia tena mkiwa mle ndani, mbele yake. Ndivyo utaratibu ulivyo." Akanitazama kama mama mkali anavyomtazama mtoto mwenye kisu. "Ila nikuambie kama mtu, siyo kama daktari. Mle ndani leo hakuna muuaji. Nikichoma, atakuwepo. Tutakuwa tumemtengeneza mimi na wewe, kisha tumuue."

"Alijitengeneza mwenyewe."

"Yule wa kwanza, ndiyo," akasema, akaweka sindano kwenye sahani ya chuma, tukaenda.

*

Chumba cha zamu kilikuwa cheupe, chenye baridi ya kung'ata masikio. Kitanda kilikuwa katikati, cha chuma, chembamba. Kando yake, juu ya kigoda, Osmund alikaa amevaa shuka la hospitali. Mvi zilikuwa zimempanda kichwani na mikunjo imemzunguka macho, lakini alikaa kama vijana wanavyokaa, magoti yameachana, akitikisa mguu. Mkuu wa chumba, afande Bitegeko, Mhaya mnene mwenye sauti ya upole, alisimama mlangoni.

"Una muda wa kuzungumza naye," afande akaniambia. "Kisha nitasoma."

Osmund aliniangalia kwa udadisi. "Wewe ni nesi?"

"Naitwa Kikoti."

Uso wake ukafunguka, meno yote nje. "Mhehe! Afande, mmemleta Mhehe wodini? Mbwa wa hospitali mmewafungia vizuri, asije akawala? Kamwene, mtani."

Alinisalimu kwa Kihehe, nami nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Mapunda ni jina la Kingoni, na Wahehe na Wangoni ni watani tangu babu zetu walipochoka kuuana. Akitukana hukasiriki, ukichukua kuku wake hasemi kitu, na katika msiba wake wewe ndiye unayechimba kaburi, unayepika, na unayewachekesha waliofiwa. Kifo kilikuwa kimemmenya mtu huyu mara mbili, kikamwacha na utani. Na ulimi wangu, laana iushike, ulikuwa tayari umeshatunga jibu: Mngoni gani huyu, mlikuja nchi hii mkikimbia na mpaka leo mnakimbia hata malaria. Niliuuma ulimi mpaka nikasikia chumvi ya damu.

"Sikuja kutaniana," nikasema. "Nikusimulie habari za jamaa mmoja."

"Simulia. Humu hakuna hata redio."

Nilivuta pumzi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa miaka miwili, kila neno nimelinoa, na yote yalikuwa yanaanza na "wewe". Sasa ilibidi nianze na "jamaa".

"Jamaa huyo alikuwa akibeba makreti kwenye kampuni ya parachichi. Msimamizi wake alikuwa mwanamke. Alimpa kazi wakati hakuna aliyemtaka, maana alikuwa ameshafukuzwa sehemu mbili kwa wizi."

"Ehe."

"Usiku mmoja akataka kuiba betri za mtambo. Akawaona watu watatu wameingia chumba cha ubaridi kukagua mzigo. Akasukuma komeo."

"Ili wasimwone," akasema Osmund. "Halafu akawafungulia alipomaliza."

"Hakuwafungulia."

Mguu wake ukaacha kutikisika.

"Waligonga," nikaendelea. "Yule mwanamke alimjua. Alimwita kwa jina. Alimwambia, chukua betri, chukua zote, sitamwambia mtu, fungua mlango, kuna mzee humu. Alimwomba mpaka sauti ikakauka."

"Naye?"

"Palikuwa na redio juu ya kreti. Akaongeza sauti."

Osmund alisimama. Alitembea mpaka ukutani, akarudi. Pua yake ilikuwa imetanuka. "Aliongeza redio?"

"Aliongeza. Walikutwa asubuhi wamekumbatiana. Yule mwanamke alikuwa amemvalisha mzee koti lake."

"Huyo mwanamke ulikuwa unamjua?"

"Dada yangu."

"Pole, mtani." Alisema kwa sauti ya chini, akiinamisha kichwa, jinsi mtu aliyelelewa vizuri anavyotoa pole. "Pole sana. Wamemkamata?"

"Wamemkamata."

"Wamemfanya nini?"

"Wamemuua."

"Vizuri."

"Mara mbili," nikasema.

Alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. "Hata wangeweza hivyo, isingetosha. Mtu anasikia mwenzake anakufa anaongeza muziki? Mlete hapa, mtani. Mara ya tatu nitamuua mimi kwa mikono yangu, wewe usijichafue."

Afande Bitegeko alikuwa anatazama sakafu. Daktari alikuwa ameshika sahani yake, macho kwenye sindano. Na mimi niliyekuja na kiu ya miaka miwili nilisimama mbele ya mtu wa kwanza tangu msiba aliyelikasirikia jambo lile kama nilivyolikasirikia mimi. Wengine wote walinihurumia tu.

"Soma, afande," nikasema. Nilitaka kuona uso wake ukivunjika. Bado nilitaka.

Afande akafungua kishikwambi, akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Wewe, Osmund Mapunda, ulipatikana na hatia ya kuwafungia chumba cha ubaridi Luvanda, Zaituni na Generoza Kikoti, ukasikia wakikuomba, ukaongeza sauti ya redio. Umehukumiwa vifo vitatu. Viwili umeshavitumikia. Cha tatu ni leo, kwa mkono wa Atilio Kikoti. Mfiwa ana haki ya kukurudishia kumbukumbu, ana haki ya sala, ana haki ya mila zozote za maziko za kwao. Umeelewa?"

Osmund alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akaangua kicheko.

"Mhehe, umezidi," akasema, akijipiga paja. "Yaani umekaa na afande mkapanga? Na daktari? Utani wa kitanda na mirija? Nikitoka hapa nakuja kwenu, nachukua ng'ombe, siyo kuku."

Hakuna aliyecheka.

Alitafuta macho yangu. Nadhani alikuwa anatafuta ile dalili ndogo ambayo mtani huwaachia watani, kona ya mdomo, ili ajue pa kukanyaga. Sikumpa. Kicheko kikamwishia kidogokidogo. Akainua mikono yake na kuitazama: mishipa, kovu la kuungua kwenye kidole gumba, ngozi ya mtu wa makamo.

"Hii mikono ya nani?" akauliza.

Daktari akajibu. "Yako. Una miaka arobaini na moja."

"Nilikuwa nafikiri ni dawa." Aligusa kovu. "Nilikuwa nafikiri dawa zimenizeesha." Akaninyooshea kidole, kisha akakigeuza kidole kikatazama kifua chake, kama mtu anayejaribu kufungua mlango kwa ufunguo asioujua. "Ni mimi?"

"Ni wewe," nikasema.

Niliisubiri hiyo dakika miaka miwili. Niliitunga kila siku. Katika kutunga kwangu alipiga magoti, akalamba viatu, akasema ni shetani, akasema ni pombe, nami nikamtemea. Osmund hakupiga magoti. Alisimama akitetemeka kwa baridi, akafikiri, na nilimwona anavyofikiri kwa bidii, kama kijana wa darasani anayeulizwa swali asilolisomea.

"Nilichosema nimesema," akasema hatimaye. "Nilisema auawe. Siwezi kumeza maneno yangu kwa sababu imeonekana ni mimi." Akakitazama kitanda. "Nalala hapo?"

Afande akaitikia kwa kichwa.

"Bwana Kikoti," daktari akaniita. Alikuwa ameinua sindano. "Nimrudishie?"

Sasa msikilizaji wangu, nikwambie nilivyokuwa, usije ukanipa wema ambao sikuwa nao. Sikumwonea huruma. Nilikuwa nachemka. Nilikuwa na mkono unaowasha kwa kutaka kioo kile. Lakini hasira ina macho, na macho ya hasira yangu yalikuwa yanamtafuta mtu mmoja tu chini ya jua, yule aliyeshika kitufe cha redio, na hakuwepo. Walikuwa wameshawapa wengine wamuue, na sasa walitaka nimuue yule ambaye, laiti angekuwepo usiku ule, angevunja lile komeo kwa kichwa chake. Au nikubali sindano. Nimfute huyu aliyejihukumu mwenyewe bila kusukumwa, nimwite yule mwingine avae ngozi yake, ili tu nipate mtu wa kumchukia wakati nashika kioo. Dada yangu angepata nini? Angekuwa amekufa vilevile, na mimi ningekuwa nimeongeza mtu wa nne.

"Usimchome," nikasema.

"Basi weka kiganja," akasema afande.

"Siweki."

"Kama huweki, sheria inanitaka nimwite mfiwa mwingine aliyeomba. Hamza yuko nje." Akabonyeza kengele ya ukutani. "Nisamehe, kijana. Siyo mimi."

Ilikuwa hivyo. Hakukuwa na nafasi ya kuondoka nikajiita mtu mwema. Nikiondoka, Hamza angeingia na kiu yake ya maji ya bahari, naye Osmund alikuwa tayari ameshika ukingo wa kitanda, anainua mguu apande.

Nilimsukuma kifuani. Akaanguka juu ya kigoda. Nikapanda mimi, nikalala chali juu ya kile chuma, nikakunja mikono.

"Shuka hapo," akasema afande.

"Afande, kitanda hiki kikimaliza kazi kinakwenda wapi?"

"Kinashuka chini."

"Na juu yake?"

"Panafungwa."

"Basi ni kaburi. Na huyu ni Mngoni, mimi ni Mhehe. Umesoma mwenyewe sasa hivi kwamba nina haki ya mila za maziko za kwetu. Kwetu mtani akiingia kaburini hazikwi mtu mpaka mtani apewe anachotaka, atoke kwa hiari yake. Mwulize mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Songea. Nitoe kwa nguvu uone kama utapata usingizi."

Waliotunga Sheria ya Zamu waliingiza hicho kifungu cha mila ili wazee wa kila mkoa waikubali. Walifikiri ngoma, ubani, na nguo nyeusi. Hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kuja na mila ya kuzuia maziko.

Afande alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Alikuwa Mhaya, lakini nao wana watani wao.

Hamza aliingia akiwa ameshakunja mikono ya kanzu. Aliponiona nimelala aliduwaa.

"Mdogo wangu, unafanya nini?"

"Nimekalia kaburi la mtani."

"Toka. Toka unipishe." Alinishika mkono akavuta. Alikuwa na nguvu kuliko alivyoonekana. Nikajishikilia kwenye ukingo wa chuma mpaka kucha zikauma. "Unamlinda? Unamlinda huyu? Dada yako alikuwa na mke wangu mle ndani. Walikufa wameshikana."

"Simlindi."

"Unafanya nini basi?"

"Kaka Hamza, yule uliyemuua alikusalimu shikamoo. Nani alikusalimu? Mwizi wa betri? Yule hajawahi kumsalimu mtu maishani mwake. Ulikuwa umeshaibiwa kabla hujafika, kama mimi. Ndiyo maana haikutosha. Ukimuua huyu leo, mwezi ujao utakuja hapa kukaa kwenye benchi, na hakutakuwa na mtu wa kumngojea."

"Nyamaza."

"Uliitika marahaba."

Alininasa kibao. Masikio yalilia. Sikuachia chuma. Akainua mkono tena, mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha, akakaa sakafuni palepale alipokuwa amesimama, mgongo ukutani, kama gunia lililotobolewa. Hakulia. Alikaa tu.

Afande Bitegeko akasogea. Alisimama wima, akakohoa, na akaniuliza kwa heshima zote, kama inavyotakiwa kumwuliza mtu aliye kaburini, "Mtani, unataka nini ili utoke?"

"Nataka mtu aliyeongeza redio," nikasema. "Yule mwenyewe. Mniletee akiwa mzima, anajua jina lake, anakumbuka. Mkimleta nitashuka na kiganja nitaweka mimi, tena nikicheka."

"Hayupo."

"Yuko wapi?"

"Unajua aliko."

"Basi mkamwamshe. Si mnaweza? Mnaua mara tatu mnashindwa kufufua mara moja?"

Daktari Tumsifu aliweka sindano kwenye droo ya ukutani, akaifunga. Nilisikia ule mlio mdogo wa kufuli; bila neno langu hakuna aliyeruhusiwa kuichoma. "Nitaandika Wizarani," akamwambia afande. "Safari hii andika na wewe."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba kaburi lina mtu. Andika madai yake kama alivyoyasema. Wakupe jibu wao."

Afande alitoka akiburuta miguu. Nilijua itachukua muda. Wizara haijui kujibu swali ambalo halina kifungu, na dai langu halikuwa na kifungu.

Osmund alikuwa bado kwenye kigoda, shuka limemvuka begani. Sasa alikisogeza kigoda karibu na kichwa changu.

"Mtani," akanong'ona. "Mama yangu anajua nilichofanya?"

Nikageuza shingo nikamtazama. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimebakiwa na kisu kimoja, kikali kuliko vyote, na kwamba mwenyewe amekuja kuniletea koo. Mama yake alikuwa kwenye ile mahakama. Alikaa mstari wa mbele kwa khanga mbili, akaitazama ile kumbukumbu ukutani kuanzia komeo mpaka redio, na hakufumba macho. Mwezi haukuisha akafa. Nilipopata habari nilisema vizuri, na nilisema kwa sauti.

"Anajua," nikasema. "Na ameshafariki, Mngoni. Wamemzika Peramiho. Wewe ulikuwa jela."

Nilikitupa kile kisu, nikangoja raha.

Alilia kama kijana wa miaka kumi na tisa anavyomlilia mama yake, bila aibu, kamasi zikimtoka, akipiga kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Hamza aliinua uso pale sakafuni, akamtazama, akautazama ukuta. Raha haikuja. Kilichokuja ni kile nilichofundishwa kabla sijajua kusoma: kwamba mtani wako akifiwa mbele yako, huna ruhusa ya kukaa kimya, hata kama unamchukia, hata kama umelala kaburini kwake. Kuna kazi, na ni yako.

Nilipambana nayo. Nilikunja taya. Nilimwaza Generoza na koti lake.

Kisha nikasema, "Wangoni hata kulia hamjui. Unalia kama beberu aliyefungiwa nje ya zizi. Mama yako akikusikia atarudi kukuchapa kwa aibu."

Alishtuka. Akanitazama kwa macho mekundu, mdomo wazi. Bega likamtikisika, sauti ikamtoka iliyokuwa nusu kicheko, akajifuta kwa shuka, akalia tena, akacheka tena, akainamisha kichwa kwenye kile chuma karibu na sikio langu.

Sikumsamehe mtu. Nililala palepale, baridi ya kitanda ikinipanda mgongoni, nikiwangoja waniletee mtu wangu.